Maiti wa Zilizala

Jeneza lilitoka magofuni mbio mbio, wabebaji wakichekea chini chini.

"Mwepesi huyu," alisema Ngwali. "Nimeshabeba kapu la muhogo zito kuliko yeye."

"Kaa weye miaka mia sita chini ya ukuta, tukupime," alijibu Kificho, aliyeshika mbele na hakutaka kupokewa na mtu.

Nyuma alifuata Bwana Burashi, kofia mkononi. Jina hilo alipewa na watu wa Wambaa. Mzungu huyo alikuja kufukua mji wa kale, na kutwa alikuwa kachutama, anapangusa mawe kwa burashi. Kuta zote alizikuta zimelala upande mmoja. Chini ya ukuta mmoja, ule ambao Kificho alimwambia asiuguse kwa kuwa una nyoka, ikatokea mifupa ya mtu.

"Tetemeko la ardhi!" alisema Bwana Burashi, macho yanamng'aa. "Ukuta ulimwangukia."

Kificho, kibarua wake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. "Zilizala hiyo, bwana. Imo hata katika Kurani."

Shehe Msellem aliitwa aje kutazama. Maiti alikuwa kalalia ubavu wa kulia, uso kibla.

"Mwislamu huyu," alisema Shehe. "Na Mungu kamwangusha vizuri."

Tabu ilikuja Bwana Burashi alipotaka kuitia mifupa sandukuni aende nayo Ulaya. Kificho akatupa jembe. "Maiti wa Kiislamu hapakiwi melini kama karafuu! Azikwe, ama chimba mwenyewe." Vibarua wote wakakaa kitako. Bwana akangoja, akanuna, mwisho akasalimu amri. Picha alikuwa nazo.

Sanda ilitoka kwa Bi Mwanakhamis, mjane wa pale kijijini, aliyejiwekea yake kwenye kasha.

"Chukueni," alisema. "Mwanangu Jecha yuko Mombasa tangu vita vya Hitla, hata salamu haleti. Akifa huko, na yeye watu watamsitiri."

"Atarudi, mama," alisema Kificho, akiipokea bila kumtazama. "Si nilimpandisha meli mimi mwenyewe pale Mkoani?"

Basi wakazika. Mchanga ulipokwisha kufukiwa, Shehe Msellem akakaa kichwani pa kaburi amsomee maiti talkini, yale maneno ya kumkumbusha majibu ya kuwapa malaika. Katika talkini maiti huitwa kwa jina la mama yake, ajue kuwa anayeambiwa ni yeye.

"Mama yake nani atamjua, yakhe?" alisema Shehe. "Tutamwita mwana wa Hawa, si sote wake?" Akakohoa, akaanza. "Ewe mja wa Mungu, mwana wa Hawa..."

"Siyo," alisema Kificho.

Watu wakageuka. Alikuwa kapiga magoti mchangani, jasho linamchuruzika.

"Hatasikia akiitwa hivyo, Shehe. Atashindwa kujibu. Mwite Jecha, mwana wa Mwanakhamis."

Shehe Msellem aliianza talkini upya, akaimaliza. Bwana Burashi alirudi kwao. Kificho alipelekwa Unguja, akafia gerezani. Bi Mwanakhamis alikaa matanga siku tatu, kisha akenda kupalilia shamba lake.