Mpira wa Kumwagilia Sukuma

Kabla ya kwaya kwenda Zombe, mchungaji alituambia tufumbe macho tuombee pikapu. Mimi sikufumba.

Boneti ilikuwa wazi, injini inanguruma, na petroli ilikuwa inapita kwa mpira wa kumwagilia sukuma wiki shambani. Mpira wenyewe umeshalainika juu ya ekzosi, unatoka jasho la petroli.

"Ndolo!" nikakatiza maombi, nikimgeukia fundi aliyeifunga injini hiyo. "Umeweka injini kubwa hivi, ukakosa mpira wa petroli?"

Fundi akacheka. "Mama, kuwa na imani."

"Imani gani? Hiyo ni petroli juu ya moto! Haya, mpandishe mke wako mbele, halafu twende."

Mkewe, mtoto mgongoni, akashika mlango apande.

Ndolo akamvuta mkono. "Wewe baki," akamwambia kwa sauti ya chini, kana kwamba sisi wengine hatusikii.