Rangi ya Kucha kwenye Bolti

Kipingu alimburuta Fundi Sekiete kwa ukosi wa shati kutoka kijiweni hadi kwenye banda la Zamda, pikipiki yake ya abiria ikisukumwa nyuma yao.

"Dada Zamda, fungua injini uwaonyeshe watu. Huyu kaniharibia taimingi, mnyororo wa ndani kaufunga ovyo. Leo nusura inirudishe kinyumenyume mlimani na mama mjamzito!"

"Wallahi niligusa kabureta tu," Sekiete alisema. "Ililetwa kwangu ikiwa tayari haina nguvu."

Zamda alichuchumaa, akapangusa grisi kwenye kifuniko. Kila injini aliyoifunga, alizipaka bolti mbili za kifuniko tone la rangi nyekundu ya kucha, ili fundi mwingine akizigusa yeye ajue; mafundi wote wa kijiweni waliijua alama hiyo. Matone yote mawili yalikuwa mazima, hata ufa hayana. Spana aliiacha chini. Tangu aifunge yeye Jumatatu, hakuna mwingine aliyeifungua.

"Mbona umesita?" Kipingu alifoka.

Watu walishajazana. Zamda akatia spana, akakaza mkono; rangi ikapasuka na kupukutika. Akaondoa kifuniko, akaizungusha injini taratibu mpaka alama ya gia ya chini ikakaa mahali pake. Ile ya gia ya juu, inayopaswa kulingana nayo, ilikuwa imepitiliza mstari kwa jino moja la gia.

"Imefungwa vibaya," alisema.

"Si niliwaambia!" Kipingu akaukaza ukosi. "Sema, dada, kaifunga nani?"

Sekiete alikuwa akikitazama kidole gumba cha Zamda, ambapo kipande cha ile rangi nyekundu kilikuwa kimenata kwenye grisi.