Kielelezo cha Kanzu ya Mtakatifu

Kanisa la wanyama lilikuwa na kipande cha kanzu ya mtakatifu, na Bi Buku, panya mwenye wana saba, ndiye aliyekitunza. Uvumi wa mwizi ulipoenea, aliletwa mpelelezi Nguchiro, ambaye hamwamini hata mama yake mzazi.

Kila asubuhi Nguchiro alifungua sanduku, akapima kitambaa, akachomoa uzi mmoja wa kielelezo, akautia jaladani na kugonga muhuri. Kitambaa kilichotosha sikio la ndovu kikawa hakitoshi sikio la sungura.

"Kimepungua tena, bibie," alisema akiyatazama meno ya Buku. "Jumapili unahama hapa kanisani, wewe na wanao."

"Sawa, afande. Kilianza kupungua lini?"

Nguchiro alifunua jalada. "Siku niliyoanza kukilinda."

"Na hizo nyuzi zote humo ndani?"

Nguchiro alizitazama, akakohoa. "Basi usihame. Kitakatifu sasa ni jalada, utalitunza. Nitakuja kila asubuhi kuchana ukurasa mmoja, nihakikishe halijaguswa."

Bi Buku alishukuru kwa adabu, akaenda kufunga virago.