Ushahidi wa Vitabu Vitatu

Mwashi alivipanga vitabu vitatu juu ya meza ya mkuu wa malalamiko, kikubwa chini, kidogo juu, kama anavyopanga matofali.

"Mzee, hapa ni hospitali, si maktaba," mkuu alisema, akizungusha kiti chake.

"Najua. Maktaba haijaua mtu."

Binti yake, wa miaka kumi na sita, aliinamisha kichwa. Hii ilikuwa mara ya nne wanakuja, na baba yake bado hakuwa amejifunza kupunguza sauti.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Mke wa mwashi alipewa vidonge vya maumivu ya viungo kwenye dirisha la dawa, ndani ya bahasha ya karatasi. Vilikuwa vya kumeza kimoja kwa wiki. Yeye akameza kimoja kila siku, na siku ya ishirini na mbili akazikwa. Hospitali ilisema bahasha iliandikwa vizuri, mgonjwa ndiye aliyekosea. Mwashi alisema iliandikwa ovyo, kisha wakubwa wakaibadilisha alipolazwa. Wakubwa hawakosei. Ukuta ukianguka ni kosa la mwashi, mgonjwa akifa ni kosa la mgonjwa.

"Mnasema mke wangu alishindwa na maneno matatu," alisema. "Basi ngoja nikuoneshe alikuwa nani."

Akachukua kitabu cha juu, chembamba, kona zimetafunwa. "Hiki cha kitindamimba wangu. Kobe mwenye sanduku la safari. Mama yake amemsomea mara mia, na kila mara kobe anafika mahali pengine. Kitabu kilekile, raha mpya! Wewe unaweza?"

Mkuu alitazama saa ya ukutani.

"Hiki cha huyu hapa. Msichana anayetengeneza redio. Kila akimaliza sura, mama yake anamkalisha jikoni: haya, nisimulie yote, nione kama umeelewa. Akibabaisha, anaanza upya. Mwalimu gani wa serikali anafanya hivyo?"

"Mpaka nguo walizovaa nilikuwa nazitaja," binti alisema polepole. "Alikuwa anacheka hadi anaangusha mwiko."

Cha mwisho kilikuwa kinene kama tofali, jalada la buluu. Hicho kilikuwa cha mama mwenyewe. Watoto walikatazwa kukigusa, cha watu wazima. Kila jioni, akishainuka kwenye cherehani, alikaa nacho mlangoni penye mwanga, akifunua ukurasa mmoja mmoja, midomo imefungwa. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Mwashi, ambaye shule aliingia kwa kuipiga lipu tu, alikaa kando yake akanyamaza, asimkatishe. Mara moja moja alimuuliza kisa kimefika wapi.

"Pabaya," mkewe alikuwa akijibu. "Usiniulize, nitalia."

Na yeye hakuuliza tena, akajivuna moyoni kwamba ameoa mtu wa namna hiyo.

"Alikuwa na kichwa, mkubwa," alimwambia mkuu. "Vipimo vya wateja, kifua, kiuno, mkono, hakuandika hata kimoja. Vyote hapa." Akajigonga paji la uso. "Vitabu alichagua mwenyewe kwenye lundo la mitumba, anavipapasa kama vitambaa, na hakuwahi kuleta kibaya. Leo huyo ndiye ameshindwa na bahasha?"

"Na nyumbani hakuna aliyeitazama hiyo bahasha?"

Swali lilimkera. Nani amtazamie Mwalimu? Ingekuwa kumfundisha samaki kuogelea. Bahasha ilikaa kwenye mkoba wake, na kila asubuhi alimeza kidonge mbele yao wote, akikunja uso kwa utani, akisema ugonjwa unaogopa dawa chungu.

"Nataka faili," mwashi alisema. "Miezi saba mnanizungusha kama pia. Binti yangu atasoma mlichoandika, nami nitasikia."

Mkuu alivuta droo. Faili lilikuwa humo siku zote. Hakulitoa mara moja.

"Mzee wangu," alisema, na safari hii kiti hakikuzunguka. "Ningekuwa ndugu yako ningekuambia, nenda nyumbani."

"Mkeo wewe yuko hai. Toa faili."

Faili likatoka. Binti alisoma kwa sauti, kama alivyozoeshwa, bila kuruka kitu: tarehe, uzito, jina la vidonge. Kimoja kila wiki.

"Hayo wameyaandika baadaye," mwashi alisema. "Endelea, mama."

Akageuza ukurasa. Palikuwa na mistari michache ya muuguzi wa dirisha la dawa, imeandikwa kwa haraka. Binti aliipitia kimya, akafunga mdomo kwa kiganja.

"Soma, mama. Usiwaogope hawa."

"'Nimemweleza mgonjwa kwamba maelekezo yote yako kwenye bahasha,'" alisoma. "'Amesema hajui kusoma. Nimemshauri atafute wa kumsomea. Amecheka, akasema nisijali, nyumbani kwake ni wasomaji watupu.'"

"Uongo!"

Mwashi aliipokonya karatasi. Maandishi hayakumwambia kitu. Lakini chini yake, penye nafasi ya sahihi, palikuwa na kitu ambacho hata yeye aliweza kukisoma: alama ya dole gumba, na katikati yake kovu la sindano ya cherehani.