Nafasi ya Spana

Ndege ilikuwa imeshaondoka mlangoni mwa karakana Mwanakheri alipoona nafasi tupu ukutani. Pale kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu, na ndege haitoki mpaka kila kifaa kirudi kwenye umbo lake. Asubuhi hiyo mafundi waliharakishwa, hakuna aliyetazama ukuta. Umbo la spana ndogo lilikuwa wazi.

Spana hiyo aliitumia yeye, ndani ya injini ya kushoto.

Akampigia simu Lukindo, mhandisi wa shirika lenye ndege. "Mhandisi, isimamisheni. Spana yangu siioni."

"Mmeshatukabidhi, dada. Nimeshaipokea. Sasa hiyo ni ndege yetu, na abiria wamo ndani."

"Ni yenu, sikatai. Lakini mkono ulioingia mle ni wangu."

Mwanakheri alisimama na simu sikioni, akisikiliza injini zikinguruma mbali. Kisha ngurumo ikashuka, ikakatika.

Walipomfikisha kwenye ndege, Lukindo alifungua kifuniko cha injini kwa mikono yake mwenyewe, jasho likimchuruzika, bila kumtazama. Juu yao abiria walikuwa wamebandika nyuso kwenye vidirisha.

Mwanakheri akaingiza mkono hadi begani. Chuma bado kilikuwa cha moto. Akiipata spana, kazi hana tena. Asipoipata, je, ndege hii iruke?

Vidole vilipapasa gizani, naye hakujua aombe viguse nini.