Matanga ya Mordke

Mordke alisukuma mlango wa nyumba yake, akakuta watu wanamlilia yeye.

Mkewe, Hodes, alikuwa ameketi kwenye kigoda, hana viatu, kola ya gauni imechanwa kama ilivyo ada ya wafiwa. Kando yake alisimama Zelik, ambaye mji mzima wa Zabroda ulimwita Priyatel. Neno hilo Wayahudi wa huko walilichukua kwa majirani zao Waslavi: rafiki wa watu.

Rafiki gani huyo! Alilala chumba kimoja na Mordke kule New York, akala mkate wake, akatangulia kurudi nyumbani. Na leo asubuhi kamwambia rabi kwamba Mordke alikufa zamani kwa homa. Kumfungua mke ambaye mumewe kapotelea mbali, shahidi mmoja anatosha. Na kifo kilichochelewa kusikika hukaliwa matanga saa moja tu, basi. Hodes angeinuka pale akiwa huru kuolewa.

"Nyoka we!" Mordke alifoka. "Nimekufa mimi? Unamtaka mke wangu, siyo?"

Zelik akarudi nyuma. "Bwana, mimi sikujui."

Watu wakatazamana. Mordke wanayemkumbuka alikuwa mkwe wa kuja, kakaa Zabroda majira ya baridi moja tu, ndevu tele hadi kifuani. Huyu kidevu kimenyolewa, kitupu, kama Wamarekani.

"Ya nini kubishana? Mwenyewe si huyo hapo?" Mordke alisema. Ni kweli hakumwandikia mkewe miaka yote hiyo. Alingoja mambo yanyooke kwanza. Hayakunyooka. Sasa hakuwa na mlango mwingine wa kubisha duniani ila huu. "Muulizeni mke wangu!"

Rabi akamgeukia Hodes. "Mwanangu, mtazame vizuri. Ukisema ndiye, basi ndiye."

Hodes aliinuka, akamsogelea hadi Mordke akasikia pumzi zake usoni. Machozi yakamlenga Mordke. Zelik amemsaliti, sawa, lakini kumbe bado ana mtu wake.

"Umechelewa, Mordke," Hodes alimnong'oneza, asisikie mwingine. "Zelik nilimtuma mimi."

Kisha akamgeukia rabi. "Simjui. Mpeni chakula, maskini wa Mungu, halafu aende zake."