Mstari wa Bomba Ukutani

Mimi ni mwana wa Amnaay, mjukuu wa Bura, watu ambao kijiji kizima cha Mutuka kiliwaita kusuluhisha mipaka kwa sababu hawakupindisha neno.

Siku ile tuliketi katika ofisi ya kata kupanga njia ya bomba la maji. Ramani ilimulikwa ukutani, na kila mwenye shamba alipewa kishikwambi chenye ramani hiyo hiyo. Mmoja wetu akisogeza mstari kwa kidole, ulisogea ukutani na mikononi mwa wote.

"Gusa taratibu, mzee," alinitania jirani yangu Alawi, mwenye duka. "Hapo hukandi chapati."

Mstari ulipita juu ya kaburi la mke wangu, Mama Damiani. Mjukuu wangu Fabiola, aliyeongoza kikao, aliliona.

"Babu, una neno kabla sijafunga ramani?" aliuliza.

Nilitikisa kichwa. Sikulelewa kuomba upendeleo mbele ya watu.

Ndipo mstari ukaanza kujongea ukutani. Ulilizunguka kaburi polepole, kisha ukaingia katikati ya shamba la Alawi. Niligeuka. Kidole chake kinene kilikuwa bado kimekandamiza kioo, hata ukucha umekuwa mweupe.

"Mahindi nitapanda kwingine," alisema bila kuniangalia. "Wanangu walikula kwa Mama Damiani mama yao alipougua."

Wajukuu zangu, nawaagiza: msimu wa kulima ukifika, anzeni na shamba la Alawi kabla hamjagusa letu.